Meneja Alipotuacha Akaenda Nairobi

Ndugu zangu, na nyinyi akina mama hapo nyuma, nimesimama kutoa ushuhuda kabla sijaitwa, sababu nikingoja nitaogopa. Mnanijua. Mimi ndio golikipa wa timu yetu ya reli hapa Nakuru, yule wa kugombana na refa. Msicheke, ni kweli.

Tulikuwa na meneja, karani wa stesheni. Hakusomea mpira popote. Aliangalia tu hii upepo yetu ya kutoka ziwani na vumbi yake nyeupe, akasema, "Hapa mpira ikipanda juu ni ya upepo. Ikikaa chini ni yetu." Basi tukapiga chini, pasi fupi fupi, miguu mitupu, na tukashinda watu wa viatu.

Halafu timu kubwa ya Nairobi ikamwita. Akaja uwanjani kutuaga, akaninyooshea mkono.

"Nataka nijue kama hii kitu yangu ni ya kweli, ama ni ya hapa tu."

"Enda! Enda ulambe viatu zao, msaliti!" nikamjibu.

Nawaambia, nilimpiga. Mbele ya timu yote. Akaokota kofia yake, akaenda.

Kapteni akanifukuza. Nikaingia kwa pombe ya busaa, nikapigana kila mahali, kazi yangu ya kupaka injini grisi ikaisha. Mama yangu alikuwa ananitoa kwa mtaro akinivuta na shati. Na bado nilikuwa najiita mwaminifu!

Miezi ikapita, kapteni akaja nyumbani. "Golikipa wetu mpya amevunjika kidole, na Jumamosi tunacheza na timu ya meneja huko Nairobi. Utakuja, ama umeoa hiyo pombe?"

Nilienda. Lakini ndugu zangu, sikuenda na roho safi. Nilienda kumuaibisha.

Sasa sikieni. Nairobi siku hiyo hakukuwa na upepo hata ya kutikisa jani. Na wale watu, na viatu zao nzuri, wakaanza kucheza chini. Pasi fupi. Fupi. Fupi tena. Nywele zikanisimama. Ilikuwa ni sisi! Watu kumi na moja sijawahi kuwaona, wanacheza Nakuru! Mpira ikanipita polepole kama mgeni anapiga hodi, na mimi hapo golini nikapiga makofi.

"We mwendawazimu?" kapteni akanipigia kelele. "Umefungwa!"

Nilijua. Nilikuwa nalia.

Gemu ikaisha, nikamwendea meneja, kichwa chini. Akarudi nyuma hatua moja, akaniangalia mikono.

"Leo umekuja na ngumi ama na salamu?"

Nikamfungulia mikono yote miwili. Akanikumbatia na jasho yangu yote.

Asante kapteni, ulinifuata wakati sikustahili. Asante mama, na pole kwa mgongo. Mimi nilifikiri kupenda mtu ni kumfungia mlango. Mtu wenu akiitwa mbele, kasirikeni kama lazima, lakini mkono mpeni.

Meneja hajarudi Nakuru, na hatarudi. Na mimi sina kinyongo. Hiyo, kwa mtu kama mimi, ni Mungu tu amefanya.