Bi Yu na Foleni ya Gari la Taka

Mimi ni mtu wa bahati, jamani. Ofisi nzima ilipiga kura nani amwandikie Bi Yu Hsiu-feng wasifu wa kumuaga, na karatasi ikatoka na jina langu, mimi Chou dereva, niliyeacha shule mapema ili walimu wapumzike. Wenye shahada zao wamebaki wanameza mate.

Basi, Mwendesha Mashtaka Yu anastaafu tarehe 16 Julai, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi hapa Chiayi. Zaidi ya nusu yake nimemwendesha mimi, kwa hiyo namjua kuliko faili lake. Hulala garini mdomo wazi, kisha hukana. Kwenye kibanda cha chai humhoji muuzaji kama mshtakiwa: sukari robo umeipima na nini? Karaoke tusiiseme, tunataka amani ofisini.

Alianza na wezi wa pikipiki akapanda hadi kesi za mauaji. Vijana aliowafundisha humwita Dada Yu. Washtakiwa wana majina yao.

Ila kesi inayotajwa mpaka leo ni ya marehemu Lo Chin-yun. Alikutwa kwenye mfereji wa mashamba, pikipiki imemlalia, fuvu limepasuka. Mumewe, Kuo Teng-fa, fundi wa viyoyozi, aliwaambia polisi kwamba mkewe alikuwa mzima wiki nzima. Alhamisi jioni walikula alichopika mke, kisha yeye mume akaenda mji wa Taichung kulala kwa rafiki zake, na mke lazima alitoka kwenye mvua akateleza. Maji yalikuwa yamefuta mengi. Daktari hakuweza kuapa ni siku gani alikufa, wala kama ni pigo au anguko. Aliyeona hakuna, aliyekiri hakuna. Majirani walijua tu kwamba Chin-yun alivaa mikono mirefu hata kwenye joto la kiangazi.

Binti yao mdogo alikuwa likizo kwa bibi yake mzaa mama. Ikiandikwa ajali, likizo ikiisha mtoto anarudi kwa baba. Bibi huyo, Mama Lo, alimshika Bi Yu mkono pale koridoni: "Mwanangu, mimi sikuombi kisasi. Niambie tu, mtoto nimfungie mizigo au nisimfungie?"

"Usifunge bado, mama," akasema Bi Yu.

Jioni tukaenda uchochoro wa akina Kuo. Gari la taka likaja na muziki wake wa kuwaita watu, wakatoka na mifuko yao ya taka kuitupa wenyewe. Bi Yu akajichomeka katikati yao mikono mitupu. Jirani mmoja, Mama Hung, akamkagua juu mpaka chini: "We dada, mfuko huna, unasubiri harusi?"

Kesho yake akaja na taka za nyumbani kwake, vichwa vya samaki na vyote, ndani ya gari langu! Niliendesha madirisha wazi wiki nzima, na radhi hajaniomba mpaka leo.

Lakini mwenye mfuko ni mwenzao. Mama Hung akafunguka: "Kuo, A-Fa wetu? Yule tangu aoe hajui hata gari linasimama wapi. Wiki ile Jumanne katoka mwenyewe, mfuko kaushika kwa vidole viwili. Tukamtania, 'Vipi leo, mkeo kafa?' Akacheka. Alhamisi katoka tena..."

Akajiziba mdomo. Gari likaondoka, mifuko ikabaki mikononi.

Kuanzia hapo Bi Yu akasokota kamba, uzi kwa uzi. Muuza chakula cha sanduku, mlo wa mtu mmoja, pale kona alikumbuka kwamba tangu Jumanne Kuo alinunua sanduku moja moja, hata hiyo Alhamisi ya kupikiwa. Mama Lo naye wiki hiyo alikuwa ameambiwa na Kuo kwenye simu kwamba bintiye ana mafua, sauti imekauka. Polisi wakaambiwa alikuwa mzima. Na hospitali ilisema marehemu alizoea kuja na majeraha ya "kuanguka ngazini." Nyumba yao haina ngazi.

Mahakamani wakili wa Kuo akachekesha watu: "Waheshimiwa, tangu lini kutupa taka ni mauaji? Basi tuwafunge waume wema wote!"

Bi Yu akainuka taratibu. "Mume mwema, wakili, hutupa taka mkewe akiwa hai."

Uzi mmoja hukatika, ila ile kamba haikukatika, hata kwenye rufaa. Majaji wakasema ni mauaji.

Mama Lo hakupiga kelele. Alimuuliza Bi Yu, "Kwa hiyo nimwandikishe shule ya kwetu?"

"Mwandikishe, mama."

Akaondoka mbio, maana duka la sare lilikaribia kufungwa.

Dada Yu, asante kwa kutufundisha kusimama foleni na watu na kuwasikiliza. Nenda na afya tele, na jioni zako sasa ziwe zako mwenyewe.

Na ile kura ni uongo. Haikupigwa. Nilimbembeleza katibu mpaka akaniachia.