Suti ya Binti Yangu

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mkuu wa Chuo, walimu, wazazi wenzangu mliokuja mmependeza, na ninyi wahitimu ambao leo joho limewasitiri mengi: nawasalimu nyote kwa heshima.

Mimi ni fundi cherehani. Mkuu wa Chuo ameniomba niseme mtu avaeje aendapo kwenye usaili, na akishaajiriwa avaeje kazini. Sitasema mengi, maana mengine mnayajua, mnajitia hamnazo tu. Shati lipigwe pasi lote, hata mgongoni. Usitegemee koti, chumba kikiwa na joto utaambiwa ulivue. Kiatu kisiwe kipya siku hiyo, kisije kikakuchubua ukaingia unachechemea. Na manukato, jamani, wanangu! Mnaitwa kuhojiwa, hamwendi harusini.

Lakini je, nguo ndiyo inayofanya kazi? Swali hilo aliniuliza binti yangu, mhitimu wa chuo hikihiki, nilipokuwa nikimpima suti ya usaili. "Mama, kwani wanamwajiri nani, mimi au suti?" Nikamjibu, "Wewe. Ila ukikaa mbele yao sitaki uwe unavutavuta sketi. Akili yako yote iwe kwenye maswali." Akacheka, akasema, "Haya, basi kaza vifungo."

Kazi ya uhasibu akaipata, na suti ile akaivaa kwa adabu zote. Mwaka jana maradhi yakamchukua. Nikaitundika dukani, nyuma ya cherehani yangu, na wadogo zangu waliponishauri niigawe niliwajia juu, wakakoma. Siwafichi ndugu zangu, inaniuma mpaka leo.

Juzi akaja dukani mmoja wenu. Yupo kule nyuma. Msigeuke, mtamtia haya. Ana usaili Jumatatu, na alikuwa amevaa fulana ya kampeni ya uchaguzi, tena ya mgombea aliyeshindwa. Akaomba nimwazime chochote cha heshima. Macho yake yakatua kwenye suti. "Na ile, mama?"

"Ile haiazimwi," nikamjibu kwa mkato.

"Nisamehe mama, sikujua." Akaniaga vizuri, hakununa, akaenda zake. Mimi nikabaki nimekaa, kushona kumenishinda, nikijiuliza huyu mtoto Jumatatu ataingia na nini mbele ya watu.

Wazazi wenzangu, hebu tuambizane ukweli: aliyetangulia tunamuenzi kwa kumtundikia nguo ukutani, au kwa kumwachia mwingine nafasi ya kukaa kwenye kiti kama alichokalia yeye? Mimi mwenzenu nimechelewa kulijibu swali hilo, na kulijibu kwenyewe nimelia.

Binti, simama sasa. Njoo hapa mbele, usiogope. Suti hii hapa mkononi mwangu. Sikuazimi, mwanangu, nakupa. Marehemu alikuwa mrefu kuliko wewe, kwa hiyo mikono ya koti itakuzidi. Tangu tumzike sijathubutu kukigusa kitambaa hiki kwa mkasi. Kesho asubuhi njoo dukani uivae, usimame wima, nami nitaikata mikono hiyo ikufike wewe.

Mheshimiwa mgeni rasmi na nyote mliohudhuria, nawashukuru kwa kunitegea sikio, na kwa kunistahimilia machozi yangu. Asanteni sana.