Kiswahili cha Zuleikha

Jumanne, saa nne asubuhi, Bi Mwanabibi, mwalimu mstaafu wa miaka themanini na mmoja, aliwaita wanawe wawili kando ya kitanda chake huko Mtopanga, pamoja na majirani wawili wawe mashahidi.

"Sikilizeni wanangu, na msinikate kauli, pumzi niliyo nayo ni hii. Nyumba mtagawana kama sheria ilivyowagawia, sina la kuongeza. Lakini thuluthi ni yangu kumpa nimtakaye asiyenirithi, na chumba cha mbele hakifiki hata hiyo thuluthi. Nampa Zuleikha, aendelee kuwasomesha bure watoto waliokimbia vita. Sharif, babangu, juzi nimekusikia ukikipima kwa hatua, ukipanga rafu za duka. Mguu wako mzito. Najua pia unavyosema, kwamba yule mwanamke si damu yetu. Basi jua nilimfanyia nini.

Mwaka wa tisini na mbili aliletwa shuleni kwangu kutoka kambi ya wakimbizi ya Utange, ana miaka kumi, mji wao wa Barawa, huko pwani ya kaskazini, umepigwa, babake kabaki huko. Kwa Kiswahili cha kwao, kiti akakiita chiti, kisima chisima. Nikasema mbele ya darasa zima kwamba ulimi wake ni wa mtoto mchanga. Wakacheka, nami nikampeleka akae na wa chekechea. Miezi miwili hakunifungulia kinywa.

Siku moja nikachelewa. Nikawakuta wale wadogo, ambao mimi na kiboko changu hatukuwaweza, wametulia tuli. Zuleikha kachora mji wao sakafuni kwa chaki, nyumba hadi nyumba, anawaeleza nani alikuwa akikaa wapi, na nani hayupo tena. Wanamwelewa. Na mimi nikajikuta namwelewa, maneno yale yale niliyoyasikia mara ya mwisho kwa bibi yangu mzaa mama, ambayo mimi mwalimu nilidhani yamekwisha duniani. Nikavua viatu nisiwashtue, nikasimama mlangoni. Wallahi, sijapata kusimama vile mbele ya mtu mwengine.

Nilimrudisha darasa la rika lake, nikamsomesha hadi chuo cha ualimu. Msamaha sikumwomba. Niliona haya, mwalimu mzima. Rahima, mamangu, mwombe kwa niaba yangu, umwambie nilichelewa tena. Leo wanakuja wa Kongo, wanakuja wa Sudan, huyu na Kiswahili chake, yule hana hata neno, na humo chumbani hachekwi mtu. Msikifunge. Nipe maji, Rahima... basi, yatosha. Radhi zangu ziko nanyi, nyote wawili. Mungu awape... awape moyo wa kutoa. Sharif... niambie umesikia."

"Naam, mama," Sharif alisema. "Nimesikia."

Alifariki siku hiyo baada ya alasiri. Jumatatu iliyofuata, saa mbili asubuhi, Sharif alimkabidhi Zuleikha ufunguo wa chumba cha mbele.