Bahasha Arobaini na Moja za Mayu Sko

Wasikilizaji wapendwa, mlioko Shinyanga mjini, Mwadui, Bugarama, Geita, mpaka Chato kule ziwani, habari za asubuhi. Sogeeni karibu na redio. Leo namkumbuka mtu ambaye mimi mwenyewe nusura nimuue.

Jina lake ni Scolastika Bujiku. Alikuwa afisa afya wa kata. Alifariki Jumanne iliyopita kwa ugonjwa wa figo, akiwa na miaka hamsini na nane. Narudia kwa waliofungua redio sasa hivi: Scolastika Bujiku, afisa afya. Wengi mlimwita Mayu Sko, na mayu kwetu Wasukuma ni mama.

Kituo chake kilikuwa Isungabula, kijiji cha wachimbaji wadogo. Alikuwa na pikipiki nyekundu, na kofia yake ngumu aliifunga kwa kamba ya kiatu. Mkali! Ukichimba choo karibu na kisima, alikuja kwako, akaamkia wakubwa, akanywa uji wako mpaka ukaisha. Halafu alikwambia ufukie shimo, naye haondoki mpaka umefukia.

Sasa sikilizeni vizuri. Pale Isungabula watu walikuwa wakichomea dhahabu ndani ya nyumba. Dhahabu inanaswa kwa zebaki, kinatoka kidonge, kidonge kinawekwa motoni. Zebaki inapaa kama moshi, dhahabu inabaki. Ukichomea nje, wezi wanajua unacho. Kwa hiyo watu walifunga madirisha, wakaziba chini ya mlango kwa kanga, wakachomea chumbani, kwenye kikaango. Jioni kikaango hicho hicho kilikaanga dagaa.

Klara, mama Adam, alifanya hivyo kwa miaka mingi, mtoto mgongoni. Mimba mbili ziliharibika. Adam alipofika miaka mitano, mikono ilimtetemeka hata kikombe hakishiki. Majirani walisema huo ni mkono wa mtu. Mayu Sko alipoingia jikoni kwa Klara, alikitazama kikaango muda mrefu, akarudi nyumbani kuandika barua wizarani.

Binti yake, Aneth, alimuuliza kwa nini asiwaambie tu watu kwamba ni zebaki. Akamjibu hivi: "Wao wanadhani ni uchawi. Mimi nadhani ni zebaki. Bila vipimo, tofauti yetu ni nini?"

Wizara ilimjibu. Hilo tuliseme, lilikuwa jambo jema. Wataalamu walitaka mkojo na nywele za akina mama na watoto, maana zebaki hujificha humo. Nyuzi chache za kisogoni, ndani ya bahasha yenye namba badala ya jina. Tangazo liliandaliwa, lisomwe kwenye mikutano ya vijiji na redioni wiki mbili kabla. Likafika ofisi moja, sitaitaja, likalala kwenye droo. Mayu Sko yeye akaambiwa aanze, maabara inasubiri.

Jamani! Kukata nywele za mtoto wa mtu, huku kwetu? Mkojo watu waliutoa wakicheka. Lakini nywele, na bahasha, na jina limefichwa? Mnajua tulivyo. Mnajua bibi zetu waliuawa, wakiitwa wachawi, kwa sababu ya macho mekundu tu. Mnajua yanayonong'onwa machimboni kuhusu dawa za utajiri zinazotaka kitu cha mwili wa mtu. Na Mayu Sko, kwa moshi wa kuni wa miaka yote, macho yake yalikuwa mekundu.

Ilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi, miaka mitatu iliyopita. Ujumbe uliingia kwenye simu ya studio. "Huku Isungabula kuna mama anakata nywele za watoto. Tunauliza, anampelekea nani?" Mimi, Enock Mabula, baba Violeth kama mnavyoniita, niliusoma hewani ulivyo. Sikumpigia mtu hata mmoja kuuliza. Nikacheka, nikasema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kisha nikaweka muziki.

Saa sita mchana nyumba yake ilikuwa imezungukwa.

Aneth alikuwemo ndani. Anasema watu walitaka bahasha tu, wazichome. Zilikuwa arobaini na moja, na mama yake alizificha ndani ya blauzi. Barua ya wizara aliionyesha dirishani, mtu mmoja akasema mihuri inachongwa hata sokoni. Mwingine alitumwa kuleta petroli. "Nilimsihi mama awape," Aneth ananiambia. "Akasema, 'Nikiwapa nitakuwa nimekiri. Na Adam hatapona.'"

Ndipo Mayu Sko akanipigia mimi. Studio, namba ile ile mnayoomba nyimbo.

"Baba Violeth," aliniambia, taratibu kabisa, "ulilolisema lirudishe. Wako mlangoni."

Nyuma ya sauti yake nilisikia mawe yakianguka kwenye bati. Nilitaka kusema papo hapo, lakini bosi wangu alinishika mkono. Sisi ni redio, alisema, hatuwezi kusema kwa niaba ya serikali. Tukikosea mara ya pili atakufa. Nilimchukia, na alikuwa sahihi. Tukapiga simu Dodoma, kwa Dakta Hosiana, mtaalamu aliyesaini ile barua. Yuko kikaoni. Tukapiga tena. Dakika kumi na moja. Narudia, dakika kumi na moja, na mimi napiga muziki kwa sababu sijui la kusema.

Alipopokea tulimweka hewani moja kwa moja. Alisema, "Nywele hizo nimezitaka mimi, kwa niaba ya wizara. Ni za kupimia sumu ya zebaki. Tulipaswa kuwaambia kabla, hatukuwaambia. Mwacheni huyo mama."

Kwa muuza chai wa Isungabula kulikuwa na redio. Mzee Lushinge, kamanda wa sungusungu, walinzi wa kijiji, aliibeba mpaka mlangoni kwa Mayu Sko, akaongeza sauti, akasimama hapo. Watu walisikia. Mmoja mmoja, wakaanza kuondoka. Mayu Sko alikuwa ameshapigwa jiwe juu ya jicho, na kovu lile amezikwa nalo.

Majibu yalirudi. Katika bahasha arobaini na moja, ishirini na tisa zilizidi kiwango, ya Adam ikiwemo. Serikali ikajenga banda la kuchomea nje ya kijiji, lenye bomba la kuvuta moshi. Mayu Sko aligoma, akasema lisifunguliwe bila mlinzi mwenye silaha, maana alijua watu wanaogopa nini. Leo Adam yuko shuleni. Kalamu anaishika, ingawa bado anatetemeka kidogo.

Bahasha namba moja ilikuwa ya Mayu Sko. Alijikata nywele yeye kwanza, akina mama wamwone. Nayo ilizidi. Chumba alichopanga kilipakana ukuta na mchomaji. Je, zebaki ndiyo iliyoua figo zake? Madaktari hawajasema, nami sisemi. Nilishasema nisilolijua mara moja.

Nilikwenda kumwomba radhi. Nikampa shikamoo. Aliitikia marahaba, akanipa kiti. "Wewe ulijaza nafasi iliyoachwa wazi," aliniambia. "Wenye vipimo wakikaa kimya, anasema yeyote." Akaniuliza kama nimekula.

Kwa Aneth, kwa ukoo wote wa Bujiku, na kwa watu wa Isungabula: poleni sana. Mungu ampumzishe mama yetu. Nanyi mnaonisikiliza, jiulizeni: ujumbe wa mwisho mliousambaza mliujua ukweli wake?

Mimi bado naogopa, sitawaficha. Jumatatu vipimo vinaanza katika vijiji vingine vinne. Safari hii tangazo limefika mapema. Aneth mwenyewe alilileta jana hapa studio, bado amevaa nguo za msiba. "Baba Violeth," aliniambia, "lisome kila siku."

Basi nalisoma. Kuanzia Jumatatu, kwa agizo la wizara, maafisa afya watapita nyumba kwa nyumba. Watakata nyuzi chache za nywele za mama na mtoto. Ni za kupimia zebaki. Zitakwenda maabara ya serikali, si kwingine. Mtakayemwona kwenye pikipiki nyekundu, mwenye mkasi na bahasha, ni Aneth, naye sasa afisa afya, binti wa Scolastika Bujiku. Narudia jina: Aneth. Akibisha hodi, mfungulieni.