Kopo Bado Lina Maziwa

ESTA: Haloo? Baba Samweli?

MNIKO: Haloo! Nani mwenzangu? Namba hii siijui.

ESTA: Ni mimi, mke wako. Nimeazima simu ya Grace, tumelazwa naye wodi moja.

MNIKO: Ahaa, mama Samweli! Umeshindaje huko Musoma? Mguu je?

ESTA: Umefungwa vyuma, hata kujigeuza siwezi. Salio la Grace ni dogo, tusilimalizie kwenye mguu. Mtoto yukoje?

MNIKO: Mura, kidume chetu, hajambo! Kalala hapa.

ESTA: Kaka Paschal anakuja huko Butiama kesho. Nimemwomba apitie duka la dawa awaletee kopo lingine la maziwa.

MNIKO: La nini tena? Hili bado lipo.

ESTA: Lipi?

MNIKO: Si lile alilonunua mama Rhobi aliyekuwa ananisaidia kulea, kabla hajaenda Bunda msibani?

ESTA: Lile? Lile hata wiki halimalizi, baba Samweli!

MNIKO: Kwangu limefika nusu tu. Mlidhani mwanaume hawezi kubana matumizi, ee? (anacheka)

ESTA: Unampimiaje?

MNIKO: Mama Rhobi aliniachia kipimo cha nusu kikombe. Nikaona mtoto anakua, nikashusha. Sasa ni robo, na robo yenyewe siijazi. Asubuhi na jioni.

ESTA: Umeshusha?

MNIKO: Si ndivyo tunavyofanyaga kwa ndama? Akiwa mchanga unamwachia chuchu mbili, akikua unamwachia moja, mpaka anazoea. Ndama wangapi nimekuza mimi? Kuna hata mmoja alinifia mkononi?

ESTA: Ndama anapunguziwa kwa sababu ameanza nyasi! Huyo Samweli nyasi zake ziko wapi?

(Mtandao unakwaruza.)

MNIKO: Unasema? Unakatika-katika—

ESTA: Nasema mtoto si ndama! Mtoto akikua anaongezewa! Alipozaliwa ilikuwa vijiko, mwezi ulipofika ikawa robo kikombe, sasa ana miezi minne ni nusu kikombe na kuzidi, mara tano, mara sita, usiku na mchana! Hakuna aliyekwambia?

MNIKO: Nani aniambie? Nyumba hii niko peke yangu, mama Samweli.

ESTA: (anavuta pumzi) Haya. Haya. Analia?

MNIKO: Hapo ndipo utanisifu. Zile siku za kwanza alikuwaga anapiga kelele mpaka majirani wanachungulia. Sasa hata husikii. Ametulia, mpole kabisa.

ESTA: Halii?

MNIKO: Halii.

ESTA: Tangu lini?

MNIKO: Juzi... juzi hivi. Mbona sauti yako—

ESTA: Na nepi? Anakojoa?

MNIKO: Kidogo. Jana nilifua moja tu.

ESTA: Ee Yesu wangu.

MNIKO: Kwani ni vibaya?

ESTA: Mpapase utosi. Taratibu. Pakoje?

MNIKO: (anapapasa) Pamebonyea. Mama Samweli, panakuwaga hivi?

ESTA: Hapana.

MNIKO: Nilidhani kichwa ndiyo kinakomaa.

ESTA: Sikiliza. Chemsha maji, umchanganyie maziwa kama kopo linavyoelekeza, usiyazidishe maji. Umpe kwa kijiko, kidogo kidogo, uhakikishe anameza. Asipomeza usimlazimishe. Huku umeshamwita Fredi na pikipiki yake. Mnakwenda zahanati sasa hivi.

MNIKO: Ng'ombe hawajarudi bado, nikiwaacha—

ESTA: Waache wapotee!

MNIKO: Nawaacha. Nawaacha, usilie.

ESTA: Silii. Unajua mimi huku maziwa yananijaa? Dawa ninazochomwa daktari kakataza nisinyonyeshe, basi najikamua, nesi anakwenda kumwaga. Kila siku, baba Samweli. Beseni zima linamwagwa, na mwanangu huko...

MNIKO: Nilikuwa namtunza. Haki ya Mungu, nilikuwa namtunza. Nilikuwa nawaambia watu kisimani, mura wangu halii.

ESTA: Najua.

MNIKO: Kama kitu kikitokea—

ESTA: Usiseme! Usilitamke hilo. Mwamshe.

MNIKO: Samweli. We Samweli. Amka, baba.

ESTA: Ameamka?

MNIKO: Macho kayafungua nusu. Hanitazami.

ESTA: Mwekee simu sikioni. (Mniko anaiweka.) Samweli? Ni mama. Mama yako huyu. Lia, mwanangu. Lia kidogo tu nikusikie. Baba yako hakujua. Lia basi, mama atakuja...

MNIKO: Anachezesha mdomo.

ESTA: Isogeze! Isogeze mdomoni kabisa!

(Mtandao unakwaruza.)

ESTA: Nimesikia! Nimesikia kitu! Ni yeye huyo?

MNIKO: Ndiyo nam— ...gia pikipi— ...nakwenda, mama Sam—

ESTA: Subiri! Kile nilichosikia ni yeye, au ni simu? Baba Samweli? Ni mtoto au ni mtandao?

(Simu inakatika.)

ESTA: Haloo? Mniko? Grace, simu yako imefanyaje? Haloo?