Nusu Galoni ya Injinia

Kijiwe cha Wawi hakina kibao wala hakikihitaji. Ni kiti cha nyuma cha gari iliyokufa zamani, kimepandishwa juu ya matofali ubavuni mwa duka la misumari, na anayekaa hapo asubuhi moja huondoka anajua mambo ambayo skuli wangemfundisha miaka saba na bado angekosea mtihani. Vijiwe vyengine vipo, mji wa Chake kote vimejaa, lakini hivyo ni vya kukalia tu. Hapa watu hufikiri. Zubeir hukoka makaa yake mapema, dele la kahawa likakaa juu, na ikifika saa mbili maulamaa wote wako kitini: Mzee Nyange, aliyekuwa tarishi wa ofisi za serikali akastaafu na gunia la methali, hakuna hata moja inayokaa mahali pake, Haitham, wanayemwita Mtandao kwa kuwa simu yake haijawahi kukosa jibu, na Hudhaifa, aliyeiacha skuli darasa la sita kwa hiari yake, jina la kazi Injinia. Jumamosi ile Injinia alichelewa. Alichelewa makusudi, maana mwenye jambo hafiki pamoja na wasio na jambo.

Alikuja na Noah yake nyeupe, akakipita kijiwe, akageuza, akakipita tena. Mara ya tatu akasimama, akafungua boneti, akashuka na galoni ya plastiki mkononi, ndani mna maji mekundu yamefika nusu. Akaiweka galoni katikati ya kiti, pale anapokaa mtu mzito.

— Asalaam alaykum, maskini wa elimu.

— Waalaykum salaam, alijibu Zubeir akipangusa vikombe. Umepotea njia au breki hazishiki? Tumekuhesabia mizunguko mitatu.

— Nilikuwa nawapa nafasi ya kutazama. Gari hiyo mnayoiona nimeibadilisha kulanti, maji ya kupoza injini, leo, nyumbani, kwa mikono yangu hii. Sikuita fundi.

Hapakuwa na mtu asiyejua kwa nini alisema vile. Siku hiyo hiyo baada ya Alasiri, dada yake Nusaiba alikuwa anapelekwa kwa mumewe Kiuyu, kaskazini huko, safari ndefu yenye vilima. Ami yao, Mzee Khatib, alitaka kukodi gari ya watu, akasema mbele ya jamaa wote kwamba Noah ya Hudhaifa inachemka kuliko chungu cha harusi. Hudhaifa akala yamini kwamba dada yake hatapanda gari ya kukodi maadamu yeye yu hai. Gari ikichemka kilimani, bibi harusi atasimama kando ya njia na hina yake na dhahabu zake, mbuzi wanamtazama, na wakwe wanangoja. Neno hilo lingeishi Pemba kuliko wao wote.

— Hebu tueleze, yakhe, alisema Haitham. Umefanyaje?

Injinia alikaa, akapokea kikombe, akakunja mguu.

— Kwanza gari ilale usiku kucha ipoe. Ukifungua mfuniko wa rejeta ya moto, uso wako utauacha hapo hapo. Nimeswali Alfajiri, nikaingia chini, nikaweka beseni, nikafungua kizibo. Yakatoka maji rangi ya kutu, kama chai ya msibani. Nikayatia kwenye dumu, nikafunga, limo kwenye buti. Vitu vile ni sumu na vina utamu, mbuzi akionja kwaheri. Nikafunga kizibo, nikamimina kulanti mpya mpaka shingoni. Na sikilizeni hapa, nyie. Mafundi wa mjini humaliza galoni nzima. Mie nimebakisha nusu.

Akaipiga galoni kofi la upole, kama mtu anayempongeza mwanawe.

— Nusu, alirudia Zubeir.

— Nusu. Huo ndio ufundi. Asiyejua humwaga.

Kijiwe kikaiheshimu galoni kwa kikombe kizima. Ila hiki si kijiwe cha kukubali jambo likapita salama.

— Mie naona hiyo kulanti ni maji ya sharubati yametiwa bei, alisema Zubeir. Dele langu hili lakaa motoni toka alfajiri mpaka adhuhuri, miaka kumi na mmoja, nalitia maji ya kisima. Umewahi kusikia limeunguza injini?

— Dele lako halipandi vilima, alisema Injinia.

— Nalibeba mkononi mpaka hospitali na kurudi. Vilima vyote lavipanda.

Mzee Nyange alikohoa. Kikohozi chake ni kama muhuri, kikigongwa maneno ya wengine husimama.

— Nyie mnazungumzia kulanti hamjazungumzia rangi. Ofisini kwetu faili la haraka liliandikwa wino mwekundu, la kawaida kijani. Kulanti nyekundu ni ya gari zenye haraka. Ya kijani ni ya gari za serikali. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Maana yake, kulanti mpya ikiingia, ile ya zamani hupona yenyewe. Hukuwa na haja ya kuimwaga, mwanangu. Umemtoa mwenyeji hajapona.

— Mzee, ilikuwa na kutu.

— Kutu ni uzoefu.

Haitham alikuwa keshafungua simu, kidole kinapanda na kushuka.

— Nyote mmekosea. Hapa pana bwana mmoja wa nchi ya theluji anaeleza. Kulanti kazi yake ya asili ni kuzuia maji yasigande ndani ya injini.

— Yagande? Wawi? alicheka Zubeir.

— Cheka tu. Juzi imenyesha mvua ya baridi, bibi yangu kavaa soksi. Dunia yageuka. Siku Pemba ikiganda, gari zote zitasimama njiani, itabaki Noah ya Injinia peke yake na gari za ng'ombe.

— Na ng'ombe je? aliuliza Zubeir. Wao wana kulanti gani?

— Ng'ombe anatoa ulimi nje. Ile ndiyo rejeta yake.

Hili lilipita bila pingamizi, kwa kuwa lilikaribia kuwa kweli. Likampa Haitham nguvu.

— Na mwajua ndege huipoza wapi injini yake? Juu huko kuna baridi, hawana haja ya kulanti. Wakikaribia kutua hapa kiwanjani, joto linawapiga, wanaitema kidogo kidogo wajipoze. Inashukia mashambani. Ndo mana karafuu za upande wa kiwanja huwiva mapema.

— Hilo nalo umelitoa kwenye simu? aliuliza Injinia.

— Hilo nimelitoa kichwani. Simu ina mipaka.

Mzee Nyange alitikisa kichwa taratibu, akaitazama Noah na boneti yake wazi.

— Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ndo mana gari mbovu huanza kwa kusukumwa.

— Methali hiyo si ya jambo hilo, Mzee, alisema Zubeir.

— Methali ni ya aliyeishika.

Haitham aliinuka, akachungulia kioo cha mbele, akarudi na uso wa mashaka.

— Injinia, mshale wako wa joto ulipozima gari ulikuwa wapi?

— Juu ya nusu kidogo.

— Si kawaida hiyo.

— Gari ikipewa maji mapya hufurahi. Weye ukivaa kanzu mpya hutoki jasho?

Akacheka mwenyewe, na wengine wakacheka. Lakini kikombe chake alikiweka chini kabla hajakimaliza, na hilo kwa Hudhaifa si kawaida. Mizunguko mitatu tu ya Wawi, njia ya tambarare, na mshale umeshainuka. Kiuyu ina vilima vingapi? Akajikataza kuhesabu.

Hapo ndipo alipotokea Bi Mwatum, buibui limetiwa vumbi la shamba, pishi yake ya bati kwapani. Bi Mwatum ndiye anayewapimia wachumaji karafuu mashamba ya pale, na ndiye somo wa Nusaiba, aliyemfunda siku zote saba. Alasiri ile kiti cha mbele cha Noah kilikuwa chake. Hakai kijiweni, ila hakuna anayethubutu kunywa kahawa ameketi yeye akiwa amesimama. Wote waliinuka, hata Mzee Nyange na goti lake.

— Shikamoo, Bi Mwatum.

— Marahaba. Nimeambiwa gari imeshughulikiwa, nimekuja kuona nitakachopanda. Haya, nionyeshe.

Hudhaifa alimweleza yote, kwa adabu, bila kuacha sehemu ya nusu galoni. Ile aliieleza mara mbili.

— Mie gari siijui, alisema Bi Mwatum. Najua kupima. Hayo yaliyotoka yako wapi?

Hudhaifa alifungua buti akatoa dumu. Lilikuwa kubwa kama ile galoni, kipimo kimoja, na lilikuwa limejaa mpaka kwenye mfuniko. Akaviweka viwili sambamba chini: dumu la kutu limejaa, galoni nyekundu nusu.

Bi Mwatum aliviangalia kama anavyoliangalia pakacha la mchumaji anayemshuku.

— Imetoka moja nzima. Imeingia nusu. Kisha waniambia imejaa. Basi hiyo nusu nyengine, humo ndani ya gari mna nini?

Zubeir alilitazama dele lake. Haitham aliitazama simu, na simu, kwa mara ya kwanza tangu inunuliwe, ikazimika kioo bila kuguswa. Mzee Nyange alikohoa, muhuri ukagonga, lakini karatasi haikuwapo. Hudhaifa alichuchumaa kati ya dumu na galoni.

Bi Mwatum hakuwacheka. Aliishika pishi yake, akaigeuza mkononi.

— Mchumaji mjanja akiniletea karafuu, huzimimina polepole, zikakaa juu ya mikono ya wenzao. Ukitazama, pishi imejaa. Mie naitikisa hivi, mara moja, mbili. Zinashuka. Namwambia, haya, tia nyengine. Kilichokuwemo kilikuwa upepo. Siwapimii watu upepo.

Hudhaifa aliligusa dumu la kutu kwa kidole. Kisha alisema, taratibu, kama mtu anayesoma kitu alichoandika mwenyewe akakisahau:

— Upepo umekaa ndani. Maji hayazunguki. Ikipanda kilima, inachemka.

— Ami yako alisema hivyo hivyo.

— Ami yangu hakujua kwa nini. Mie sasa najua.

Alikwenda kwenye gari, akanyoosha mkono juu ya rejeta, akaurudisha. Moto. Mizunguko yake mitatu ya kujionyesha ilikuwa imewapa wote adhabu ya kungoja. Wakangoja. Bi Mwatum aliletewa kigoda cha dukani. Kahawa ikaenda kikombe baada ya kikombe, hakuna aliyetoa nadharia, na Zubeir baadaye alisema ile ndiyo saa pekee aliyouza kahawa bila kulipishwa masikio.

Rejeta ilipopoa, Hudhaifa alifunika kitambaa, akafungua mfuniko, akawasha gari mfuniko ukiwa wazi, akawasha na hita mpaka mwisho. Akaubinya mpira mnene wa juu wa rejeta, akauachia, akaubinya tena.

— Unafanya nini? aliuliza Haitham.

— Natikisa pishi.

Kwanza hakikutokea kitu. Halafu shingoni mwa rejeta kilipanda kipovu kimoja, kikapasuka. Kikafuata chengine, kisha vingi pamoja, sauti yake kama mtoto anayekunywa uji, na maji mekundu yakashuka yakapotea. Hudhaifa akamimina. Yakashuka. Akamimina. Galoni iliyokuwa na nusu ikawa na robo, ikawa na kidole, na Zubeir akawa ananong'ona kila ikishuka, haya, tia nyengine. Mwisho pakabaki tone la kulowesha kitako cha galoni, na maji yakatulia shingoni, hayashuki tena. Hita ikaanza kutoa hewa ya moto iliyotoka mpaka dirishani.

Hudhaifa alifunga mfuniko, akajipangusa mikono, na jeuri yake ikamrudia yote pamoja na riba.

— Ndo mana niliibakisha ile nusu. Niliijua ina kazi.

Bi Mwatum aliinuka, akakung'uta buibui.

— Saa kumi nipo mlangoni. Usipige mizunguko.

Zubeir aliliinamisha dele, likatoa mashapo. Kahawa imekwisha, akasema, na kijiwe kikavunjika kabla ya adhuhuri, jambo lisilokumbukwa kutokea kabla.

Alasiri Noah ilipita hapo imepambwa maua ya karatasi, nyuma yake gari ya kukodi ya Mzee Khatib, amekaa mbele na madumu mawili ya maji magotini, kwa tahadhari. Zilifuata vilima. Cha kwanza mshale ulisimama katikati. Cha pili, kile ambacho Noah ilikuwa ikitoa moshi juu yake kila mwezi, ulisimama katikati. Cha tatu Hudhaifa aliacha hata kuutupia jicho. Kiuyu ikaanza kuonekana, vigelegele vikasikika kabla watu hawajaonekana, na Mzee Khatib nyuma huko akafungua mfuniko wa dumu moja akanywa mwenyewe.

— Kaka, aliuliza Nusaiba kutoka ndani ya mtandio wake, mbona leo njia nzima hujajisifu?

Hudhaifa alitazama mshale mara moja tu.

— Chema chajiuza, dada.

Bi Mwatum, pembeni yake, pishi imelala mapajani, aliitikia kwa kichwa. Siku hiyo methali ile ilikaa mahali pake, na Mzee Nyange hakuwapo kuisikia.