Mama Kaunta na Kurasa Thelathini na Mbili

Baada ya miaka thelathini na mitatu na miezi mitano nyuma ya kaunta ya kuazimisha vitabu, Mama Kaunta anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, saa kumi kamili alasiri. Kamati ya Maktaba imemwandalia saa ya ukutani, zawadi inayomfaa kabisa mtu ambaye hakuwahi kuchelewa kazini hata siku moja, na ambaye kuanzia Jumatatu hatakuwa na haja ya kujua ni saa ngapi.

Aliingia hapa kama kibarua wa kupanga vitabu. Miaka kumi na mmoja baadaye alipandishwa cheo, maana yake alibadilishiwa kiti. Amefanya kazi chini ya wakuu saba wa maktaba, kila mmoja akija na mfumo mpya wa kompyuta na kuondoka kabla haujawaka. Siku mhadhiri mmoja aliporudisha kamusi yenye soksi katikati kuonyesha alipofika, Mama Kaunta aliiandikia soksi ile kadi, akaipigia muhuri, na kumwazimisha mwenyewe kwa siku kumi na nne.

Lakini sifa yake kuu ni daftari la maoni. Aliyerudisha riwaya ndefu hakuachiwa kadi yake mpaka aandike sentensi moja ya kweli kuhusu mwisho wa kitabu, na kutia sahihi. Na riwaya ndefu kuliko zote ni ile ya Kirusi, kurasa mia tisa na arobaini, ambayo siku za upepo huuzuia mlango wa chumba cha magazeti bila msaada wa mtu.

Hapa ndipo wasomi wetu walipong'ara. Daftari lina maoni themanini na nane juu ya riwaya hiyo. Mwanafunzi wa uchumi aliandika kwamba mwisho umemfundisha subira. Mwingine aliandika neno moja tu: “Nimelia.” Profesa ambaye leo ni mwenyekiti wa Kamati ya Maktaba alisifu “hitimisho linaloakisi mpasuko wa nafsi ya binadamu wa kisasa.” Mwakilishi wa wanafunzi katika kamati hiyo, ambaye kwa aibu ndiye mwandishi wa wasifu huu, aliandika akiwa mwaka wa kwanza kwamba mwisho ni pigo la haki kwa mabwanyenye wote duniani.

Kitabu chetu hakina mwisho. Miaka thelathini iliyopita kilipelekwa kujalidiwa upya, na fundi, ambaye ni shemeji yake Mama Kaunta, alichanganya mafungu ya karatasi mezani. Ukurasa wa 908 mjane anasimama mlangoni, theluji inaanguka, barua aliyoisubiri tangu sura ya pili iko mkononi mwake, haijafunguliwa. Ukurasa wa 909 unaanza mwongozo wa ufugaji wa nyuki, nao unaendelea, kwa michoro, hadi jalada la nyuma. Kwa kuwa humo mna malkia mmoja na vibarua elfu ishirini, huenda mwakilishi wa wanafunzi hakukosea sana.

Mama Kaunta alikuwa ameisoma riwaya mara nne, na mara zote nne alikwama mlangoni pamoja na mjane. Aliiandikia Ofisi ya Ununuzi barua tatu akiomba nakala kamili. Alijibiwa mara tatu kwamba kitabu ni kizima, na ushahidi ukaambatanishwa: orodha ya wasomaji waliosifu mwisho wake. Hivyo ndivyo elimu ya juu ilivyomnyima mwanamke mmoja kurasa thelathini na mbili kwa miaka thelathini. Hakumuumbua yeyote. Alisogeza daftari, akapiga muhuri, akasema ahsante.

Kati ya wale themanini na nane, watu watatu tu walirudi kulalamika: mwanafunzi wa uuguzi, fundi bomba, na msafishaji wa ukumbi wa mihadhara, aliyekuwa akisoma kurasa kumi kila mapumziko ya saa nne. Huyu wa mwisho alikitua kitabu juu ya kaunta kwa hasira. “Mama, yule mjane tumemwacha mlangoni na barua yake. Sasa hawa nyuki wametoka wapi?” Mama Kaunta alimkalisha kwenye kiti chake mwenyewe, akammiminia chai ya chupa yake, na foleni ya wahadhiri ikasubiri.

Mwezi Aprili kamati ilipendekeza riwaya hiyo iondolewe rafuni ili ipatikane nafasi ya makochi. Mwenyekiti alieleza kwamba wasomaji wameshaifaidi vya kutosha. Mama Kaunta, aliyeitwa kuandika kumbukumbu za kikao, aliweka kalamu chini na kulifungua daftari mbele yao. “Waheshimiwa, kabla ya kura, naomba kila mmoja aniandikie hapa: ile barua ilisemaje? Mimi sijui. Nimengoja kuambiwa.”

Profesa akakumbuka kwamba ana kikao kingine. Wawili wakaanza kutafuta miwani ambayo walikuwa wameivaa. Ajenda iliahirishwa kwa ufinyu wa muda, saa tatu na robo asubuhi. Riwaya ipo rafuni hadi leo, na nyuki wake.

Kwa hiyo, Mama, kwa ruhusa yako tumeitoa siri hadharani, na kwa niaba ya waongo themanini na watano tunakuomba radhi. Ahsante kwa kutuvumilia ukijua. Wanafunzi wameiandikia maktaba moja ya mbali yenye nakala kamili. Kurasa thelathini na mbili zimenakiliwa, na bahasha ikafungwa hukohuko. Hakuna kati yetu aliyechungulia. Ipo chini ya kiti chako, nyuma ya ile saa ya zawadi.

Tunakuombea afya, asubuhi zisizo na foleni, na kiti kizuri karibu na dirisha. Kwa kanuni zako mwenyewe, zirudishe kurasa hizo ndani ya siku kumi na nne tuzishone baada ya nyuki, na usituambie barua ilisemaje. Safari hii tutasoma wenyewe. Wewe andika tu sentensi yako moja ya kweli: mstari wa themanini na tisa tumekuachia wazi.